Kati ya Stesheni Mbili

Mimi ni fundi redio, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Miaka ishirini na sita nimeinamia redio zilizopasuliwa vifua,
nikinusa risasi, nikipima, nikiguna.
Redio mbovu huniambia maradhi yake kabla chai haijapoa.
Hiza, mwanangu, ana miaka tisa
na hajawahi kuniita baba.

Usonji, alisema daktari, na neno hilo
Mwantumu alilibeba hadi nyumbani kama yai.
Jirani alikuwa na lake: mizimu.
Shangazi wa Pongwe naye, lake: husuda.
Tukamnywesha kombe. Tukamfukizia ubani.
Hiza akapiga chafya, basi.

Sasa kuna chumba, Chumbageni, juu ya duka la dawa.
Namkunda, binti wa Kipare mwenye kucha fupi,
anampaka geli kichwani, anambandika waya
zenye vikombe vidogo kama vifungo vya shati.
"Ubongo nao una mawimbi, mzee," akaanza kunieleza.
Mawimbi! Sema tena, binti,
hapo umefika mtaani kwangu.
Kwenye skrini kuna garimoshi. Mawimbi yakitulia, linakwenda;
yakichafuka, linasimama.
Hapana amri, hapana fimbo. Kichwa kinajiona chenyewe,
kama mtu apitaye mbele ya kioo cha kinyozi
akanyoosha kola.

Nikauliza kifundi: inatibu?
Hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu.
"Wapo walioona nafuu. Wapo walioona garimoshi tu.
Wataalamu bado wanabishana."
Kisha akataja bei.
Nikaiuza redio ya mbao ya marehemu baba.

Siku ya kwanza Hiza alizing'oa waya, akalia
mpaka wanunuzi wa panadoli wakachungulia ngazini.
Ya pili, vivyo hivyo.
Ya tatu nikaja na redio ndogo ya mkononi,
nikaiweka pale anapopapenda, kati ya stesheni mbili,
kusiko na taarabu wala taarifa ya habari,
kule kwenye shshshsh.
Mkate wangu mimi ni kuufuta mkwaruzo huo.
Yeye huulalia kama mto.
Akatulia. Waya zikakaa.

Ya sita nikasema: nibandike na mimi.
Namkunda akacheka, akanipaka geli kwenye upara.
Garimoshi langu halikutoka stesheni.
Nikajikaza; halikutoka. Nikawaza kodi ya fremu,
nikamwaza Mwantumu anayelala na jicho moja,
nikawaza kwamba niache kuwaza.
Halikutoka.
Hiza akaja. Hakunitazama; alitazama skrini.
Akaichukua redio yake, akanibandika nayo sikioni,
sikio la kushoto, lile lisikialo.
Sikumwambia mtu kuwa la kulia limekufa.
Shshshsh.
Sijui muda gani ulipita.
Gurudumu moja lilizunguka.
(Namkunda anaapa yalikuwa mawili.)

Leo tumemaliza kikao cha kumi na moja.
Usiku analala saa mbili zaidi.
Mashine ya kusaga ya Barabara ya Kumi na Tano ikinguruma
anaziba sikio moja, si yote.
Ni ile mitambo? Ni vuli, iliyopoza bati?
Ni huku kutembea kwetu, Jumanne na Ijumaa,
tukivuka reli,
mkono wake umekamata kidole changu kimoja tu,
kile chenye kovu la pasi ya kuchomelea?
Mwantumu anasema nisipime kila kitu.
Napima. Ndiyo kazi niliyofunzwa.

Ila jana, wakati wa kufunga kibanda,
redio ya mteja ilikuwa mezani, imepona, inaimba vizuri.
Nikaisogeza sindano polepole,
nikapita stesheni, nikaiacha katikati.
Mteja alipofika akauliza: bado mbovu?
Nikamwambia, ngoja.
Ngoja kidogo, ndugu yangu. Keti.